Mlango wa mninga uliosokoteka: tazama bawaba kabla ya kushika randa

Swali limetoka Gongoni, Tabora, kwa dada aliyerithi nyumba ya marehemu baba yake. Nimelifupisha:

"Shikamoo fundi. Nyumba yetu ilijengwa kabla ya Uhuru. Milango ni ya mninga, ya paneli, isipokuwa wa jikoni ambao marehemu aliubadilisha akaweka wa mbao za paini. Mlango wa mbele unatazama magharibi na umesokoteka: ukiufunga, chini unagota kwenye fremu, lakini kona ya juu upande wa kitasa inabaki imetokeza sebuleni kama sentimita moja na nusu. Wa chumbani unakwama tangu mvua zianze. Wa jikoni mbao zimebinuka kingo kwa nje; ndani una rangi ya mafuta, nje uko wazi. Fundi wa mtaani anasema tuipige randa yote, na ule wa mbele tuumwagie maji ya moto tuukandamize. Kaka anasema tuiuze, tuweke ya chuma. Nifanyeje?"

Marahaba, dada yangu. Usiuze chochote kwanza, na hayo maji ya moto yabaki kwenye birika. Milango ya zamani iliungwa kwa gundi iliyopikwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na gundi hiyo huyeyuka kwa maji ya moto. Ukiumwagia mlango wa unene wa sentimita nne na nusu, joto halitafika katikati ya mbao, lakini viungo vitaachia. Utabaki na mlango uliosokoteka vilevile, tena unaolegalega.

Kuhusu randa, nina ugomvi nayo wa siku nyingi, hasa inaposhikwa mwezi wa Machi. Mvua zetu Tabora zinaanza Novemba na kuishia Aprili, kisha kiangazi kinakaa mpaka Oktoba, na Septemba hewa ni kavu hadi midomo inapasuka. Ubao unavuta unyevu wa hewa na kuuachia mwaka mzima, hata kama ulikatwa kabla hujazaliwa. Ndani ya nyumba, masika, mbao zinaweza kufikia unyevu wa asilimia 14 hivi ya uzito wake mkavu. Mwisho wa kiangazi zinashuka hadi 8 au 9. Unyevu ukiingia, ubao unatanuka upana. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuhangaikia. Kwa hiyo mlango unaokwama Machi ukiupiga randa mpaka ufunge vizuri, Septemba utakuwa na uwazi wa kupitisha kidole. Mwaka unaofuata utaambiwa uongeze kipande.

Hebu tuanze na ule wa mbele, maana ndio wenye kazi.

Kabla ya kuulaumu mlango, pima fremu. Chukua bisibisi uichome miguu ya miimo yote miwili, yaani mbao za wima za fremu, pale inapokutana na sakafu. Ikizama kama kwenye keki, mchwa wamekutangulia na mengine yote yanasubiri fremu mpya. Ikigoma, ninginiza timazi kwenye kila mwimo, kwanza kwa upande wa sebuleni, kisha kwa upande wa ndani ya uwazi wa mlango. Unachotafuta ni kama mwimo mmoja umelala kuelekea nje na mwenzake umesimama wima. Nyumba za tofali za udongo huwa zinazama kona moja, mara nyingi ile ambayo maji ya bati yanamwagikia, na ukuta ukienda fremu nayo inakwenda. Nimeitwa mara nyingi kunyoosha milango ambayo haikuwa na upindo wowote.

Kisha pima mlango wenyewe. Ung'oe, ulaze juu ya meza mbili, vuta nyuzi mbili kutoka kona hadi kona zikatane katikati kama herufi X. Nyuzi ziguse uso wa mlango kwenye kona tu. Kama kuna paneli au urembo uliotokeza, weka vipande vinne vya ubao vya unene mmoja kwenye kona na upitishe nyuzi juu yake. Nyuzi zikigusana bila kusukumana pale zinapokatana, mlango hauna msokoto. Zikiachana, pima mwanya kisha uzidishe mara mbili: mwanya wa milimita saba unamaanisha kona moja imetoka kwenye usawa wa wenzake kwa milimita 14. Kama uzi wa chini unausukuma wa juu, badilisha mpangilio, wa juu uwe chini, upime tena. Ukikuta mlango umesokoteka milimita tano tu wakati pengo kwenye fremu ni 15, basi milimita kumi ni za ukuta, na hakuna uzito wa kuulalia mlango utakaoziondoa.

Mninga, kwa taarifa yako, ni katika mbao zinazosinyaa na kutanuka kidogo kuliko nyingi zinazouzwa hapa nchini. Ndiyo maana wazee waliupenda kwa milango na vitanda. Mlango wa mninga ukisokoteka, mara nyingi kosa ni la ubao mmoja wa wima, uliopasuliwa kutoka gogo ambalo nyuzi zake zilizunguka wakati mti unakua. Ubao wa namna hiyo kila unapokauka unajizungusha, na mbao zenzake zinavutwa nao.

Sasa dawa. Watu wengi hawaamini nikiwaambia kwamba mlango uliosokoteka unaweza kufunga vizuri bila kunyooshwa. Ukiangalia, shida yako siyo kwamba ubao una msokoto. Shida ni kwamba ukingo wa kitasa haugusi fremu juu na chini kwa pamoja. Ukingo huo unaweza kurekebishwa kwa kuhamisha bawaba za upande wa pili. Kona yako ya juu ya kitasa imetokeza sebuleni. Basi bawaba ya chini, iliyo mkabala nayo kwa mshazari, isogezwe nayo kuelekea sebuleni. Kila milimita unayoisogeza bawaba ya chini inaondoa milimita moja kwenye pengo la juu. Au ufanye kinyume, bawaba ya juu uisogeze kuelekea nje, matokeo ni yaleyale. Mafundi wazoefu hugawa: kidogo juu, kidogo chini, ili jicho lisione.

Kwako naona ugumu mmoja. Fremu nyingi za enzi hizo zimechongwa hatua ya kugotea mlango ndani ya ubao uleule mzima. Haikupigiliwa kama kijiti cha pembeni. Hivyo bawaba ya juu huwezi kuisogeza nje sana bila mlango kubanwa na hiyo hatua. Mimi ningefanya hivi: bawaba ya juu niiache, ya chini niisogeze milimita sita kuelekea sebuleni. Pengo linashuka kutoka 15 hadi 9. Kisha upande wa kitasa, chini pale mlango unapogota, nichonge hatua ya fremu kwa patasi milimita nne, nikipunguza taratibu hadi kufikia sifuri katikati ya urefu. Zinabaki tano juu. Hapo ninachonga kijiti cha mninga chenye milimita tano juu na kuisha kabisa katikati, ninakigundisha kwenye hatua na kukipigilia misumari myembamba. Ukikipaka rangi ya fremu hakuna mgeni atakayekigundua. Kama mlango wako una bawaba tatu, ya katikati isogezwe nusu ya ile ya chini, yaani milimita tatu. Pini za bawaba zisipokaa kwenye mstari mmoja, zinavutana na mlango unalia kila ukifunguliwa.

Jihadhari na matundu ya skrubu. Tundu jipya litaangukia pembeni kabisa ya lile la zamani, na skrubu itateleza kurudi ilikotoka. Jaza matundu ya zamani kwanza. Njiti za kiberiti na gundi zinafaa kwa mlango wa chumbani, lakini kwa mlango wa mbele chonga vijiti vya mninga, vipake gundi nyeupe ya mbao, vigonge ndani, uache hadi kesho yake ndipo utoboe. Mninga mkavu ni mgumu. Skrubu ya shaba inakatika shingo ukiilazimisha. Toboa tundu dogo kwanza kwa keekee, pitisha skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ili ifungue njia, itoe, kisha ndiyo uweke ya shaba ikiwa imesuguliwa nta. Nta ya nyuki hapa Tabora si kitu cha kuhangaikia.

Mlango ukishahamishwa hivyo utakuwa na tabia ya kujifunga wenyewe, kwa kuwa bawaba hazijasimama tena wima. Wengine wanapenda. Usipopenda, weka kabari.

Je, kuunyoosha kabisa haiwezekani? Inawezekana kwa kiasi, na ni kazi ya Julai hadi Septemba. Unaung'oa, unaondoa rangi, unaulaza kivulini, kona mbili za mshazari zikiwa juu ya vipande vya ubao na kona mbili nyingine zikining'inia. Hizo zinazoning'inia unazipa uzito, mifuko ya mchanga au matofali, mpaka mlango usokoteke upande wa pili kwa kiasi kilekile ulichosokoteka awali. Ukiubana hadi usawa tu, ukiuachia unarudi ulikokuwa. Unauacha wiki nne, sita, nane, ukisubiri ukauke katika mkao huo. Usikisie ukavu kwa kugusa. Kama jirani ana mzani wa kupimia magunia ya mahindi au marobota ya tumbaku, upime mlango kabla ya kuulaza na tena kila wiki mbili. Uzito ukiacha kupungua, umefika. Tegemea kupata nusu ya unachotaka, wakati mwingine pungufu ya hapo, kwa sababu mninga ni mkaidi na nyuzi zilizozunguka hazitanyooka kwa matofali. Kwa milimita 15 mimi siuhangaikii, bawaba zinatosha. Ukizidi milimita 25 ningefungua viungo, nikaubadilisha ule ubao wa wima wenye kosa kwa mninga mkavu wa zamani. Mbao za pembeni za kitanda cha kale kilichovunjika zinafaa kuliko mbao mbichi zilizoingia mjini wiki iliyopita, ilimradi unene utoshe.

Kuna njia nyingine ambayo haikuhusu lakini wasomaji wataiuliza, ya mlango uliopinda kama upinde bila kusokoteka. Ukipinda upande wa bawaba, ongeza bawaba ya tatu katikati ukiwa umeukandamiza, kazi imekwisha. Ukipinda upande wa kitasa, weka komeo juu na chini, uufunge hivyo kila usiku, na katika misimu miwili mitatu unaweza ukapungua wenyewe. Ukikataa, mafundi hukata kwa msumeno mikato kadhaa kwenye ubao wa wima, upande ulioingia ndani, kina kama theluthi ya unene, halafu wanagonga kabari nyembamba zenye gundi humo. Upande mfupi unarefushwa na ubao unanyooka. Ni kazi ya mkono mtulivu, na lazima ipakwe rangi, kwani kabari zinaonekana.

Mlango wa chumbani sina mengi. Paka chaki ukingoni, ufunge na kufungua, uone chaki imefutika wapi. Ikifutika kwenye ukingo wa chini upande wa kitasa, na kwenye ukingo wa juu upande huohuo pengo limekuwa pana, mlango haujavimba, umeshuka. Skrubu za bawaba ya juu zimelegea. Jaza matundu, weka skrubu ndefu zaidi. Bado unagusa kidogo? Fungua bawaba ya chini, weka nyuma yake kipande cha boksi, kaza. Ikiwa chaki imefutika ukingo mzima, huo ni uvimbe wa masika. Piga alama ya penseli pale unapokwama, uvumilie. Juni ukiwa bado unagusa penye alama, toa kwa randa nyembamba tu, halafu upake rangi ukingo huo siku hiyohiyo.

Wa jikoni sasa. Umeandika kwamba ndani una rangi ya mafuta na nje uko wazi. Basi chanzo kipo hapo. Nje jua linakausha uso wa mbao, ndani rangi inazuia unyevu usitoke, na paini, ambayo mara nyingi inaletwa kutoka misitu ya kupandwa ya Sao Hill ikiwa haijakauka vya kutosha, inajikunja kuelekea upande mkavu kama jani la tumbaku kwenye bani, banda la kulikaushia. Upande uliokauka zaidi ndio unaoingia ndani, na kingo zinainuka.

Huu unaweza kunyooshwa, kwa kuwa paini ni laini. Ung'oe kiangazi kikianza. Fungua ile mikanda ya mlalo inayoshika mbao, utakuta imepigwa misumari mirefu iliyokunjwa nyuma. Laza kila ubao, upande ulioingia ndani ukitazama juu, uutandikie matambara yenye maji kwa usiku mmoja. Yawe mabichi tu, yasichuruzike. Asubuhi utaona kingo zimeshuka. Zipange mbao juu ya vijiti ili hewa ipite juu na chini, ziwekee uzito, zikauke polepole kivulini wiki kadhaa. Ubao ambao bado una mbonyeo umpe fundi wako, huo ndio wa randa.

Katika kuunganisha upya, tumia mikanda ya mninga na skrubu, misumari iachwe. Matundu kwenye mikanda yawe marefu kidogo kwa upande, ili mbao zipumue masika na kiangazi bila kupasuka. Kila ubao ufungwe kwa skrubu mbili, moja katikati iliyokazwa na nyingine kwenye tundu refu. Weka na ubao wa mshazari. Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea: mguu wa mshazari ukae chini upande wa bawaba, kichwa kielekee juu upande wa kitasa. Ukiwekwa kinyume hausukumi kitu, na mlango utashuka.

Milango yote mitatu ikishakaa, ipake pande zote sita. Nasema sita kwa sababu ukingo wa juu na wa chini husahaulika: wa juu hauonekani, wa chini unahitaji mlango ung'olewe. Lakini hapo ndipo ncha za nyuzi zilipo, na ubao hunywa maji kwa ncha kuliko kwa uso. Maji ya kudekia yanapanda kutoka chini kila siku. Tabaka mbili tatu kwenye kingo hizo, na idadi ya tabaka nje na ndani iwe sawa. Kwa mlango wa mbele ningechagua rangi isiyo nyeusi wala ya kahawia iliyokolea. Jua la saa kumi jioni la magharibi linachemsha rangi nzito. Bati dogo la kibaraza juu yake lingesaidia kuliko rangi yoyote.

Tahadhari moja nisiiache. Rangi za mafuta za miaka hiyo nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usisugue rangi ya zamani kwa msasa mkavu. Lowesha, kwangua ikiwa mbichi, kusanya mabaki kwenye mfuko, na kazi ifanyikie uani mbali na watoto na kuku. Vumbi la mninga lenyewe linawasha baadhi ya watu kifua na ngozi, kwa hiyo barakoa ivaliwe hata baada ya rangi kuisha.

Kaka yako ana hoja ya usalama, na simpingi. Lakini mlango wa chuma unaotazama magharibi utaipika sebule yako kila jioni, na wanaonunua milango ya mninga ya nyumba za zamani wanakuja na bei ya kuni wakijua wanachokichukua. Akitaka chuma, aweke geti nje, na mlango wa baba yenu ubaki ndani yake. Geti lifungwe kwenye ukuta kwa bolti, lisishikizwe kwenye fremu ya mbao, na liache nafasi ya kutosha ili hewa ipite kati yake na mlango. Kuchomelea kukafanyikie karakana kwa mchomeleaji, wala si pale mlangoni, kwani cheche zinatoboa vanishi na alama zake hazitoki mpaka upige msasa upya.